Choo Chenye Kufuli kwa Nje

Nilipolibana kufuli lile, mtu alikuwa ndani, na nilijua yumo ndani. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walinitafutia visingizio: eti nilighafilika, eti nilidhani hamna mtu, eti uchovu wa kulea. Hapana. Nilimsikia akikohoa. Kwetu mtu akigongewa mlango wa choo hasemi "nipo," anakohoa, na aliye nje anaelewa, anasogea pembeni. Niligonga, akakohoa, nikasogea. Nikasubiri na binti yangu mgongoni, tumbo lake gumu linanigusa kiunoni, mpaka simu ikalia mle ndani na sauti ninayoifahamu ikasema bila haraka yoyote:

"Nipo kikaoni, kaka. Aa, we ongea tu, kikao chenyewe chepesi."

Wakaanza kupanga harusi ya mtu. Wali upikwe na nani, ukumbi gani una feni zinazozunguka kweli, mpiga picha wa mara ile alikuwa mwizi. Mimi nimesimama nje nasikiliza mambo ya pilau.

Mlango ule umechorwa mtu kwenye kiti cha magurudumu, kwa rangi ya bluu. Chini ya mchoro imebandikwa karatasi: CHOO KIBOVU. Na kwenye komeo la nje lilikuwa linaning'inia kufuli wazi, ufunguo umeingia ndani mfukoni mwa mwenyewe. Walipofikia kwenye nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, nilinyoosha mkono, nikapitisha kufuli, nikalibana. Likalia ka!

Kikao kikanyamaza.

"Nani huyo?"

Nikalivuta kufuli kuhakikisha limebana.

"Nani amefunga? Hebu fungua hapo!"

"Na wewe ni nani?" nikamuuliza. "Hicho choo ni kibovu. Anayeongea ndani ya choo kibovu ni nani?"

Watu waliokuwa kwenye benchi la chanjo wakageuza shingo. Mlinzi akaja mbio, kofia mkononi.

"Mama, umefanya nini? Huyo ni katibu wa kituo!"

"Katibu yupi? Katibu yupo kikaoni. Nimemsikia mwenyewe."

Benchi zima likacheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha akasema, "Jamani, kikao kina mwenyekiti lakini?" wakacheka tena.

"Fungua, mama," mlinzi akasema kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtu aliyeshika panga.

"Nifungue na nini? Si wewe uliyeniambia ufunguo umepotea?"

Akaanza kuizungusha kofia vidoleni, na mimi nikajua kwamba yote niliyokuwa nikiyahisi kwa miezi yalikuwa kweli.

Niseme choo hiki kinanihusu nini, maana mimi natembea kwa miguu yangu miwili, na binti yangu ukimwona amebebwa, na gauni lake refu na nywele nimemsuka, utadhani ni mtoto wa kudekezwa tu. Alizaliwa na mgongo wazi. Walimfanyia upasuaji akiwa bado mwekundu, kidonda kikapona, lakini miguu haikupata nguvu, na mkojo hautoki wenyewe. Kila baada ya saa kadhaa mimi ndiye ninayeutoa, kwa kimpira chembamba nilichofundishwa kukitumia na wauguzi wa hospitali kubwa. Si kazi ngumu ukishazoea. Inataka vitu vichache: maji ya bomba, sabuni, mahali pakavu pa kumlaza, na mlango unaofungwa ili mtoto asitazamwe. Ukichelewa, mkojo unarudi juu kwenye figo. Ukiufanya pachafu, wadudu wanapanda na mpira mpaka kulekule. Na figo haina spea.

Jumanne, siku ya mazoezi ya watoto, tunashuka kwa bodaboda alfajiri, mlima bado umejifunika ukungu, ili tuwahi foleni. Zamu yetu hufika mchana. Katikati hapo lazima atolewe mkojo. Vyoo vya wagonjwa viko nyuma ya jengo, vya kuchuchumaa, sakafu imelowa muda wote, mlango hauna kitasa. Nilikuwa namtoa hivi: mguu mmoja umezuia mlango, mtoto nimemlaza kwenye paja, mfuko wa vifaa nimeung'ata kwa meno. Kama kuna mtu nje anagonga, nakohoa na mfuko mdomoni. Jaribuni.

Masika yaliyopita akapata homa. Nikadhani malaria, kama kila mama wa huku anavyodhani. Ikawa figo. Tulilazwa mpaka nguo zetu zikaisha, baba yake akawa anatoka mashamba ya miwa anakuja kusimama dirishani na ovaroli yake, hajui ashike nini. Daktari kijana, mpole, akaniuliza, "Mama, mazingira unayomtolea mkojo ni safi?" Nikamwambia, "Mazingira yapi, daktari?" Akaandika kitu. Kisha akaniambia kwamba figo moja imeshaguswa, na ikirudia tena hawezi kuniahidi. Aliniambia mimi. Kana kwamba vyoo vya kituo nimevijenga mimi.

Tangu siku hiyo nikaanza kuuwinda ule mlango wa bluu.

Jengo la kituo ni jipya. Lilipozinduliwa tulipiga vigelegele, mimi nikiwemo. Lina njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, ambayo siku zote imeegeshwa pikipiki, na lina hicho choo kimoja cha wenye ulemavu, kipana, kimewekwa vigae, bomba ndani, vyuma vya kujishikia ukutani, na sinki la kukaa. Shida ndiyo hiyo. Ndicho choo pekee cha kukaa katika kituo kizima. Na huku kwetu kitu kizuri hakiachwi wazi. Sahani nzuri zinafungiwa kabatini zisubiri wageni, kochi linavikwa nailoni, chumba chenye kitanda kipya kinafungwa analala panya. Wakaona choo kina vigae, kina nafasi, wakasema hiki hakiwezi kuwa cha kila mtu. Wakapiga komeo kwa nje.

Nilimuuliza nesi: "Dada, samahani, kile choo cha walemavu mbona kimefungwa?" Akasema fundi hajamaliza. Wiki nyingine nikamuuliza mlinzi, akasema ufunguo umepotea. Nikamuuliza mama wa usafi, akasema maji hayapandi. Katibu mwenyewe, ambaye kila akituona humwita binti yangu "mchumba" na kumbana shavu, aliniambia, "Tumeshaandika kwenda juu, mama, tunasubiri bajeti ya kukikarabati."

Majibu manne ya mlango mmoja. Mtu akisema kweli hana haja ya kutafuta jibu jipya kila Jumanne.

Nikawa nakaa kwenye benchi la chanjo, hata kama sina mtoto wa kuchanjwa, kwa sababu pale unaona ile korido yote. Nikaona mambo. Choo kibovu, lakini kizingiti chake kimelowa asubuhi. Choo kisicho na maji, lakini ukipita karibu kinanukia sabuni ya maua. Mtu wa maabara anaingia kwenye ile korido mkavu, anatoka uso unang'aa, amechana nywele. Karatasi ya KIBOVU yenyewe ilikuwa inabadilishwa. Ikichakaa, inakuja nyingine, imechapwa upya kwa kompyuta, wino mweusi ti. Nani anahangaika kuchapa upya tangazo la choo kilichokufa?

Mume wangu nilipomwambia kwenye simu akasema, "Mke wangu, sasa umeanza kupeleleza vyoo." Akacheka. Sikucheka.

Ushahidi nilioutaka waliuleta wenyewe. Kituo kilipata wageni wa ukaguzi, watu wa suti na mafaili. Asubuhi hiyo pikipiki hazikuwepo kwenye mteremko. Karatasi haikuwepo. Kufuli halikuwepo. Mlango uko wazi, sabuni mpya kwenye kisahani, karatasi ya chooni imening'inizwa. Bila fundi, bila bajeti. Nikambeba mwanangu nikajitosa kabla mtu hajazinduka.

Nikiwa ndani nimemlaza kwenye kanga, ninanawa mikono, mlango ukagongwa kwa kitu kigumu. Nikakohoa. Ukagongwa tena.

"Nakohoa huku!" nikapaza sauti.

"Kohoa utoke!"

Nilimaliza kazi yangu, sikuiharakisha, nikafungua. Nje amesimama mzee wa magongo, mguu mmoja, mguu wa pili wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini ya mtoto. Namfahamu kwa sura, anatoka Dakawa, mkulima wa mpunga, huja kupimwa sukari. Alinitazama kuanzia chini. Alianza na vidole vya miguu yangu, akapanda taratibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo miguu yote ni yako?"

"Ni yangu."

"Sasa humo umeingia kutafuta nini? Mkiona vigae tu mnakimbilia. Mimi kule nyuma nikichuchumaa siinuki, mwanangu. Nishawahi kuinuliwa na vijana, suruali ipo chini. Unajua hiyo ni nini kwa mtu wa umri wangu?"

Mkono wangu ulikwenda nyuma wenyewe kulishika gauni la mtoto. Ningemgeuza nikamfunua, mzee angeliona kovu, yangeisha. Lakini binti yangu alilikamata gauni lake kwa mikono miwili. Ana miaka minne, na tayari amejua kwamba watu wakianza kuuliza, nguo yake hupandishwa. Nesi akiuliza, inapandishwa. Bibi yake kule Kinole akitembelewa na majirani, inapandishwa, waone. Nikaliachia. Mgongo wa mwanangu si kitambulisho.

"Mwenye choo ni huyu niliyembeba, baba. Mimi ni miguu yake."

Akamtazama. Mtoto akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama." Akatafakari kidogo. "Mbona kanawiri hivyo? Siku hizi ulemavu una siri. Haya, nipishe, kabla wageni hawajaondoka wakafunga."

Nilimkasirikia mpaka nyumbani. Nilipokuwa namwogesha mtoto jioni nikaona kwamba mzee kuuliza ni haki yake, choo hicho ni chake. Ila jibu langu lingemtosha. Hana haki ya kuona. Nani mwingine akienda chooni anaonyeshwa kwanza kwamba ana haja?

Na mimi nilikuwa nimeshaanza ugonjwa huohuo. Nilikuwa nawapima watu miguu. Nesi wa zamu ya mchana akielekea korido ile namfuata kwa macho: huyu anachechemea? Hachechemei. Ana tumbo? Labda ana jambo la ndani, nani ajuaye? Nikajiwekea sheria yangu, nikaacha miguu nikatazama mikono. Mwenye kuhitaji choo kile haendi na taulo na mswaki.

Wageni walikula, wakasaini kitabu, wakaondoka. Kesho yake mama mmoja ambaye mwanawe hufanya mazoezi na wangu aliniambia karatasi imerudi.

Sasa turudi pale mlangoni, katibu yuko ndani, mlinzi anazungusha kofia.

Katibu alijaribu kwanza kupenyeza ufunguo wake chini ya mlango, kizingiti kikauzuia, akajaribu cheo. "Mama, unajua unachokifanya ni kosa?" Kisha akajaribu upole. "Dada yangu, hebu tuelewane." Mimi nimekaa sakafuni mbele ya mlango, nimemweka mtoto mapajani. Hofu ilinishika, sitaki kudanganya, kwa sababu saa zilikuwa zimepita na mtoto ameanza kulalamika tumbo. Lakini nilijua nikiondoka pale kwenda nyuma kwenye maji machafu, nitaondoka kila siku. Na homa ile ikirudi, daktari mpole ataniuliza tena mimi.

Uvumilivu wa katibu ukaisha kabla ya wangu. Akapiga mlango teke akapiga kelele:

"Mlinzi! Si unao wako!"

Mlinzi akaangalia dari. "Wangu upi, bosi?"

"Ule niliokuchongeshea!"

Benchi la chanjo lilikufa kwa kicheko. Kuna mama alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Mlinzi akajipapasa mfuko huu, mfuko ule, kisha akasema kwa unyonge kwamba wake alimwazima mtu wa maabara. Mtu wa maabara akaitwa, akaja na koti lake jeupe. Akasema huo alishampa nesi wa chanjo. Nesi wa chanjo, yule aliyeniambia fundi hajamaliza, akasema bila kunitazama kwamba huo ulivunjika wiki iliyopita na akawa anatumia wa mama wa usafi. Na mama wa usafi yuko msibani Kinole.

"Na ufunguo?"

"Kauacha getini."

Wakatuma mtu getini. Akarudi na muuza maandazi. Muuza maandazi! Alifungua pindo la kanga yake mbele ya umati, akatoa ufunguo, akanitazama kwa aibu, akasema, "Mimi huwa nachota maji tu, shoga yangu. Sijawahi kukalia."

Kufuli likafunguliwa. Katibu akatoka, shati limelowa kwapani, taulo begani. Akapita juu ya miguu yangu akasema, "Tutaonana." Simu yake bado ilikuwa hewani, mtu wa harusi anaita halo, halo.

Niliingia na mwanangu. Wageni walipokuja vitu vilikuwa vimefichwa. Leo vyote vipo. Ndala za kiume. Kioo kidogo kwenye msumari. Kwenye vyuma vya kujishikia, vile alivyovihitaji mzee wa Dakawa ili asiinuliwe na vijana, vimeanikwa soksi na fulana. Nikaviondoa vyote nikaviweka nje, kimoja kimoja, mbele ya watu, sikutupa hata kimoja. Nikafunga mlango kwa ndani. Nikanawa. Nikamlaza. Mkojo ulitoka mwingi, na ulikuwa mzito kuliko ninavyopenda kuuona, nikauinua kwenye mwanga nikautazama kama fundi saa. Binti yangu yeye alikuwa anajitazama kwenye kioo cha watu.

"Mama, mbona huku pazuri wanapaficha?"

Nikamfunga mgongoni tukatoka, na nje alikuwa ananisubiri mlinzi: naitwa kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo.

Mganga mfawidhi ni mwanamke, mtu mzima, ana sauti ya kulaza watoto. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaagiza soda. Ililetwa ya machungwa, baridi, imefunguliwa tayari. Sikuinywa. Mtu aliyekukosea akikukaribisha soda kabla hajasema neno, kuna kitu anataka kikupite kooni pamoja nayo.

"Mwanangu," akasema, "umemdhalilisha mtumishi mbele ya wagonjwa. Ungekuja kwangu tu. Mlango wangu uko wazi."

"Huu wako ndio uko wazi, daktari. Ule mwingine ndio una kufuli."

Akavuta pumzi. Akaniambia ukweli fulani, kwamba kikiachwa wazi kitachafuliwa na kila mtu, na watumishi wanakesha hapa, nao ni binadamu. Nikamwambia nakubali ni binadamu, wajengewe. Ndipo akafungua droo. Akatoa ufunguo, mpya, unang'aa, akausukuma mezani mpaka karibu na soda.

"Huu uwe wako. Siku ya mazoezi unafungua, unamhudumia mtoto, unafunga. Humwombi mtu. Sisi wote wazazi." Kisha akaweka na karatasi nyeupe na kalamu. "Na uandike mistari miwili ya kumwomba radhi katibu, tuweke kwenye faili, tuyamalize kifamilia."

Niliutaka ufunguo ule. Nisijifanye malaika. Niliutazama nikaiona figo ya mwanangu pale mezani, imekaa salama kando ya soda. Kuchukua tu. Lakini nikaanza kuwaza kama nilivyozoea kuwaza siku hizi, kwa kugeuza kitu upande wa pili. Ufunguo wa kupewa unanyang'anywa. Siku nitakayoulizia dawa ambazo hazipo, au pikipiki kwenye mteremko, mtu atakumbuka kwamba nina ufunguo wao. Na yule mzee akija na magongo yake atakuta kufuli linaning'inia, atagonga, na safari hii atakayekohoa ndani ni mimi, mwenye haki kabisa, kifamilia.

"Katika familia hiyo mimi ni nani, daktari? Mkwe?"

Nikaacha ufunguo, nikaacha soda, nikachukua karatasi nyeupe. Alidhani naenda kuandika radhi.

Nje kwenye veranda nilimkuta mzee wa Dakawa anasubiri kupimwa. Habari zilikuwa zimeshamfikia, amecheka mpaka macho yana maji. Akataka nimsimulie tena ule upande wa muuza maandazi. Nikamsimulia, kisha nikamwambia naandika malalamiko, naomba atie sahihi pamoja nami, maana wakiona ni mama mmoja watasema ni kichaa.

Kicheko kikaondoka usoni kama kilivyokuja.

"Mimi sukari yangu napimwa hapa, mwanangu. Dawa natolewa hapa. Nikigombana nao niende wapi, Dodoma?"

"Baba, mimi nimepewa ufunguo nimekataa."

Akanitazama kama siku ile, lakini safari hii alianzia kichwani. "Ulitumwa na nani ukatae? Ungeuchukua, tungetumia wawili."

Liliniuma jambo hilo, na linaniuma bado, kwa sababu sina uhakika kwamba alikosea. Niliagana naye kwa heshima. Nilikwenda kuandika peke yangu, mezani kwangu, mtoto amelala, kuna harufu ya mdalasini wa mama mkwe uliokuwa unasubiri kupelekwa sokoni.

Ofisi ya kupokea malalamiko, kule halmashauri, iko ghorofani, na haina njia nyingine ila ngazi. Nilipanda na binti yangu mgongoni. Karani aliniambia, "Acha hapo, dada, mkubwa ataiona." Nikamwambia siachi, agonge muhuri kwenye nakala yangu mbele ya macho yangu, kwa sababu karatasi zisizo na muhuri zina tabia ya kupotea kama funguo. Alinuna, akagonga. Nakala hiyo ninayo, na naiweka hapa kama ilivyo, bila kuipamba.

YAH: CHOO CHA WENYE ULEMAVU KUFANYWA CHOO CHA WATUMISHI

Mimi ni mama wa mtoto anayehudhuria mazoezi katika kituo kilichotajwa kwenye bahasha. Nalalamika kwamba choo cha watu wenye ulemavu kituoni hapo hufungwa kwa kufuli na kubandikwa tangazo kwamba ni kibovu, ilhali ni kizima na hutumiwa na watumishi kuogea, kuanikia nguo na kuongelea simu. Siku ya wageni wa ukaguzi kilifunguliwa. Baada ya wageni kikafungwa.

Mwanangu hutolewa mkojo kwa mpira. Kwa kukosa choo hicho nimekuwa nikimhudumia kwenye choo cha nyuma, kichafu na kisicho na kitasa. Ameshaugua figo. Daktari amesema ikirudia hana la kuahidi.

Nakiri kwamba nilimfungia katibu wa kituo ndani ya choo hicho. Nilifanya makusudi. Kama ni kosa, niitwe niulizwe, nitajibu. Ila swali la kwanza liwe alikuwa anafanya nini humo. Nimetakiwa kuandika barua ya kumwomba radhi. Sijaiandika.

Naomba yafuatayo. Kufuli na komeo la nje viondolewe, libaki la ndani tu. Tangazo la uongo litolewe. Pikipiki zisiegeshwe kwenye mteremko. Watumishi wajengewe choo chao, maana nao wana haja. Na mgonjwa yeyote atakayeingia humo asidaiwe kuonyesha ulemavu wake kwa mlinzi, nesi, wala mgonjwa mwenzake. Akisema anahitaji, itoshe.

Siombi kupewa ufunguo. Niliwahi kupewa, nikauacha mezani kwa mganga mfawidhi.

Nimesaini peke yangu. Wengine wanaohitaji choo hicho wapo, lakini wanaogopa kukosa dawa, na hilo nalo naomba mlichunguze.